Viazi vya Koko Bila Bugali

Juzi binti yangu alinialika kwake kula. Amenunua furu ya umeme, tanuru dogo lile lenye kioo mbele, na tangu siku hiyo hakuna kinachosalimika nyumbani kwake. Kuku, ndizi, hata karanga, vyote lazima vipitie mle. Jioni hiyo ilikuwa zamu ya viazi. Aliviona kwenye simu, alisema, vimepasuliwa mgongoni na kujazwa vitu vya kila namna, naye akavijaza maharage na ndagala, akamalizia na mayonezi juu. Aliniwekea viwili kwenye sahani, akasimama pembeni amefunga mikono kifuani, anangoja sifa.

"Mama, hii njo chakula yote. Leo hatupike bugali."

Basi nikacheka. Nilicheka hadi machozi yakanitoka, na kicheko kilipokwisha machozi yakaendelea yenyewe. Binti yangu alikasirika, akidhani nayadharau mapishi yake. Sikuweza kumweleza kitu, mdomo ulikuwa umejaa na moyo pia. Kwa hiyo kaa hapa kidogo nikueleze wewe kwanza, maana yeye simu inamwita kila dakika.

Nilikulia Kilibula, hapa hapa Uvira, kwenye nyumba ya matofali yenye ua mdogo uliofagiliwa kila asubuhi mpaka udongo ukawa mgumu kama sakafu. Huku milima, huku ziwa, na sisi katikati na joto letu. Baba alifanya kazi bandarini Kalundu. Alirudi jioni na unga wa simenti kwenye nyusi na njaa isiyotaka mzaha. Alikuwa mtu wa ziwa tangu kuzaliwa. Kwake yeye kulikuwa na bugali, yaani ugali wetu, halafu kulikuwa na vile vitu vinavyokusaidia kungoja bugali. Mkate ulikuwa wa asubuhi, wali ulikuwa wa Noeli na ndoa za watu. Viazi, maskini, havikuwa hata na saa yao.

Usimcheke baba. Hata leo hii mkute mtu wa kwetu ametoka kumaliza sahani nzima ya viazi, mwulize kama amekula. Atakuambia bado. Atakuambia kwa huzuni kabisa, na mafuta yangali yanang'aa midomoni. Ndivyo tulivyolelewa, na sidhani kama kuna shule inayoweza kututoa huko.

Sasa katika nyumba hiyo ya bugali akaja Koko. Koko ndivyo tulivyomwita nyanya yetu, mama yake mama. Alikuwa mtu wa Rurambo, kule juu ambako wanalima viazi na kuchunga ng'ombe, ambako ukiamka asubuhi huwezi kujua kama unaona ukungu au moshi wa jikoni. Alishuka kwetu msimu mmoja wa mvua akiwa na fimbo, nguo zake chache, na kibuyu cha maziwa kisicho na maziwa. Usalama wa kule ulikuwa umeharibika. Majirani zake walikuwa wametawanyika, na watu wenye bunduki walikuwa wamewaswaga ng'ombe wake wote, wakaondoka nao. Koko hakupenda kulisimulia hilo. Alisema tu kwamba ng'ombe wametembea, na watakaporudi, naye atapanda mlima wake.

"Minye niko mugeni tu," alituambia, tena na tena. "Ngombe zikirudi, na minye nitarudi."

Nililala naye mkeka mmoja. Alinukia siagi na moshi, harufu ambayo sijaikuta kwa mtu mwingine yeyote, na nimekuwa nikiitafuta. Kabla ya kusinzia aliwataja ng'ombe wake kwa majina, polepole, kama mtu anayehakikisha milango imefungwa: Gaju, Bihogo, na wale wengine ambao majina yao yamenitoka. Nilimpenda kwa namna inayoumiza, ile ya watoto, isiyotaka kugawana. Kwa hiyo kila aliposema kwamba yeye ni mgeni tu, nilishika upindo wa kitenge chake nisiuachie. Nilichokitaka duniani wakati ule kilikuwa kimoja: Koko abaki kwetu, asirudi popote.

Lakini kubaki kwake lilikuwa jambo zito, na hapo lazima nikukumbushe adabu ya wakwe. Vijana wa siku hizi wanakaa na mama mkwe kwenye kiti kimoja wanagombania rimoti. Zamani zetu, mama mkwe na mkwe wake hawakutazamana usoni, hawakula mmoja akimwona mwenzake, wala hawakusemeshana moja kwa moja. Mama kuishi chini ya paa la mume wa binti yake ilikuwa aibu ambayo watu waliizungumza kwa sauti ya chini. Koko alilijua hilo, na alijibana. Alikula nyuma ya jiko, kwenye kigoda chake, akiupa mlango mgongo. Baba naye, kila alipofika langoni, alikohoa kwanza kikohozi kirefu kisicho na ugonjwa ndani yake, ili Koko apate nafasi ya kujiondoa uani.

Maneno yao yalipitia kwetu watoto, na zaidi kwangu. Koko angesimama nyuma ya ukuta, baba yuko hatua chache tu upande wa pili, anasikia kila kitu, na Koko angeniambia: "Ambia baba yako, maji ya kuoga iko tayari." Nami ningezunguka ukuta na kusema, "Baba, Koko anasema maji ya kuoga iko tayari." Na baba, ambaye alikuwa amekwisha kushika taulo, angejibu, "Ambia Koko, aksanti." Nilifanya safari hizo siku nzima. Nadhani ndiyo maana miguu yangu ilikuwa myembamba.

Kilichobaki cha kwenda moja kwa moja kutoka kwa Koko hadi kwa baba kilikuwa chakula tu. Na Koko hakujua kusonga bugali. Alijaribu mara moja, tukapata kitu chenye madonge ambacho mama alikitupia mbuzi wa jirani kabla baba hajakiona. Alichokijua yeye ni viazi, birayi kama alivyoviita, na katika hivyo hakuwa na mwenzake.

Kila siku ya soko alikuja mama mmoja muuzaji kutoka Rurambo. Alishuka kwa miguu hadi bondeni, akapanda gari la mizigo hadi mjini, na kwetu ndiko alikotua mzigo kwanza. Alileta viazi vikiwa na udongo wake mweusi bado, siagi iliyofungwa kwenye jani la mgomba, na kibuyu cha maziwa ya mgando, yale mazito tunayoyaita mashanza. Koko alichukua kiazi kimoja, akakinusa, akakikwaruza kwa kucha, halafu akauliza habari za ng'ombe. Kila mara jibu lilikuwa lile lile: bado.

Kisha aliingia kazini. Alivifukia viazi kwenye majivu ya moto, akavigeuza kwa mkono mtupu, mikono yake ilikuwa imezoea. Ganda lilipoanza kupasuka alivitoa, akavipukuta, akavifungua kwa vidole gumba, na mvuke ukatoka na ile harufu ya udongo mtamu. Siagi kidogo, chumvi kidogo. Sisi watoto tulikula tukirukaruka, vidole vikiungua, midomo myeusi kwa masizi.

Baba naye alipelekewa vyake kwenye sahani. Alivila vyote, kwa heshima, hakuacha hata kipande. Alinawa mikono. Halafu akamwinamia mama na kuuliza kwa sauti aliyodhani ni ya chini:

"Na bugali?"

Basi mama aliinuka, akapuliza moto upya, akaweka sufuria. Baada ya muda ile sauti ikaanza, sauti ya mwiko ukigonga sufuria, tu, tu, tu, na Koko aliisikia yote kutoka nyuma ya jiko. Nilikuwa nikimtazama. Aliweka chini kiazi chake na kufuta mikono kwenye kitenge, ingawa alikuwa hajamaliza kula.

"Baba yako anakula byangu sawa mutu mwenye kungojea motokari," aliniambia siku moja.

Hakuwa amekasirika. Alikuwa anawaza. Koko alikuwa mtu wa kukaa na jambo kwa muda mrefu, akilizungusha. Alianza kuichunguza bugali kama mtu anayechunguza mke mwenza. Alikaa karibu na mama akitazama jinsi inavyopakuliwa, nini kinawekwa pembeni, nani anachovya wapi. Siku chache baadaye alinipa matokeo ya uchunguzi wake, tukiwa tunachambua maharage ya mama.

"Bugali haiendaka peke yake," alisema. "Inaendaka na wenzake. Maharagi, lengalenga, ndagala. Njo maana baba yako anashiba. Kirayi yangu inaenda peke yake sawa muyatima."

Sasa hapo kwenye ndagala ndipo palipokuwa na shida. Koko hakuwahi kula samaki maishani. Watu wa ng'ombe wa kule kwao hawakumhesabu samaki kuwa chakula cha mtu mwenye heshima, na ndagala, wale wadogo wa ziwani wenye urefu wa kidole, walimtisha kabisa kwa sababu wanapikwa na vichwa vyao. "Binaniangalia," alisema, na akafunika sahani.

Tena kulikuwa na jambo kubwa kuliko kutokula. Maziwa na samaki havikupaswa kukutana. Si kwenye sahani moja, si kwenye mkono mmoja, wala si kwenye tumbo moja siku hiyo hiyo. Mtu akichanganya, ng'ombe aliyetoa maziwa anakauka chuchu, na hapati tena ndama. Koko alilishika hilo kama wengine wanavyoishika rozari. Siku ya ndagala alikitundika kibuyu juu kabisa, karibu na paa. Mimi niliwahi kunywa mashanza nikiwa nimetoka kula samaki, akanishika shavu, akanisukutua mdomo kwa maji mara nyingi huku akinong'ona kitu kwa lugha yao. Nilimwambia, lakini Koko, ng'ombe wako hawako hapa. Akaniambia mahali walipo hapajulikani, ndiyo sababu tuwe waangalifu zaidi. Mama naye, aliyekuwa ameolewa ziwani miaka mingi na aliyewapenda ndagala kuliko sisi sote, hakuwahi kuchanganya. Bakuli la samaki na bakuli la maziwa nyumbani kwetu yalikuwa maadui, na baba mwenyewe alijua asiyaweke rafu moja.

Kisha ikaja ile siku ya soko.

Yule mama muuzaji alifika kama kawaida, akatua kikapu. Koko hakupata hata nafasi ya kuuliza. Yule mama alimshika mikono yote miwili, akasema naye kwa lugha yao ya mlimani, kwa sauti ndogo, nami sikuelewa zaidi ya majina. Nilisikia Gaju. Nilisikia Bihogo. Koko aliitika, mm, mm, kama mtu anayeelekezwa njia. Muuzaji alipoondoka, Koko alikaa kwenye kigoda kitambo kirefu, viazi viko miguuni pake, hakukinusa hata kimoja. Nilikuwa nikicheza karibu naye na nilimwacha, maana watu wazima walikuwa na siku zao.

Alipoinuka alifunga kitenge upya, kwa nguvu.

"Weye," aliniambia. "Twende ku ziwa. Tununue ndagala."

Nilidhani nimesikia vibaya. Lakini alikuwa ameshashika fimbo. Tulishuka hadi ufukweni, ambako wanawake walikuwa wamewaanika ndagala mchangani wakang'aa, na wabichi wakiwa kwenye mabeseni. Koko alinunua wabichi bila kuwatazama, kichwa kageuzia upande mwingine, mwuzaji akacheka sana. Nyumbani nilimfundisha kuwasafisha. Fikiria, mimi namfundisha Koko! Alimshika kila mmoja kwa ncha ya mkia, mkono umenyooka, na kila aliyemaliza alimwambia kitu. Nadhani alikuwa akiwaomba radhi, au akiwatukana. Mama hakuwapo, alikuwa ameshinda sokoni na vitenge vyake, na hapakuwa na wa kutuuliza tunafanya nini.

Jirani yetu wa mbavuni alikuwa mwoka mikate, mama wa Kirundi kutoka Lubarika, mnene, mcheshi, mwenye tanuru la matofali na udongo nyuma ya nyumba yake. Alipokwisha kutoa mikate ya alasiri, tanuru lilibaki na moto wake hadi jioni. Koko hakutaka majivu siku hiyo. Alichagua viazi vikubwa, kimoja kwa kila mtu wa nyumba na viwili vya jirani, akaviosha hadi vikaonekana vipya, akavipaka siagi na chumvi, akavibeba kwenye ungo hadi kwa jirani.

"Furu yangu inajua mukate tu," jirani alisema, mikono kiunoni. "Birayi itaifundisha tabia mubaya."

"Iko na nafasi," Koko alimjibu. "Acha ijifunze."

Viliingia. Tulikaa wote watatu mbele ya mlango wa tanuru, umezibwa kwa bati, na jirani alipiga soga mwenyewe maana Koko hakuwa na maneno. Harufu ilianza taratibu, si ile ya majivu bali nyingine, ya siagi ikiungua kwenye ganda, pamoja na mikate iliyokwisha kutoka. Jirani alitoa kimoja, akakichoma kwa njiti ya ufagio, njiti ikapita bila kugoma. Akasema tanuru lake limeelimika. Tulimwachia viwili.

Nyumbani maharage yalikuwa yameiva tangu mchana. Lengalenga, mchicha wetu, Koko alizikatakata na kuzigeuza na kitunguu. Ndagala tuliwakaanga kwa mafuta ya mawese na nyanya na pilipili kidogo, Koko akiwa amefunga pua kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa, lakini hakuondoka jikoni. Halafu alivipasua viazi mgongoni, akaulegeza unga wa ndani kwa kijiko hadi ukavimba mweupe. Akatia siagi, ikazama. Akatia maharage, akatia lengalenga, akawapanga ndagala juu, vichwa vyote vikiangalia upande mmoja. Kiazi hicho hukuweza kukishika kwa mkono mmoja. Nilikuwa sijaona kitu kama kile, na mate yalinijaa mdomoni.

Nilidhani tumemaliza. Koko alinyoosha mkono juu, akakishusha kibuyu cha mashanza.

Mama aliingia wakati huo huo, mzigo wa vitenge ungali kichwani. Alimkuta mama yake amekiinamisha kibuyu juu ya sahani.

"Mama! Maziwa na samaki?" Sauti yake ilipanda kama ya mtoto. "Ngombe zitakauka!"

Koko hakuacha. Alimimina, mashanza yakaanguka mazito, meupe, juu ya ndagala.

"Ngombe gani?" alisema. "Ngombe zangu zilisha kwisha. Hakuna yenye itakauka."

Habari ndiyo hiyo muuzaji aliyomletea. Wengine walikuwa wamechinjwa, wengine wameuzwa mbali, na Gaju, aliyetoroka akajaribu kurudi nyumbani, alikutwa amekufa njiani. Mama aliteremsha mzigo wake, akakaa chini pale pale kwenye udongo wa jikoni na kushika kichwa. Koko aliendelea na kiazi cha pili, cha tatu, kila kimoja alikipa mashanza yake, mkono wake ulikuwa imara kabisa. Alipomaliza alimtazama binti yake.

"Simama," alimwambia. "Chakula inapoa."

Langoni kikohozi kikasikika. Jua lilikuwa bado halijazama. Koko alichukua kigoda chake akaenda nyuma ya jiko kama siku zote, na mimi nikapewa sahani ya baba kuibeba, kwa mikono miwili, nikitembea kama aliyebeba mtoto mchanga.

Baba alikuwa ameshanawa. Alikitazama kile kiazi. Alichukua kijiko, akakigusa juu pale penye weupe, na akaona kilichokuwa chini yake. Kijiko kilisimama.

"Nani ametia maziwa?" aliniuliza.

"Koko."

Alimgeukia mama. Mama alikuwa ameegemea mlango, macho mekundu, na alitikisa kichwa tu, akamwambia kwa sauti ndogo kwamba ng'ombe wamekwisha. Baba aliutazama ukuta wa jiko kwa muda. Alikuwa mtu wa ziwa, lakini alikuwa ameishi na mwanamke wa mlimani muda wa kutosha kujua ni nini kilichokuwa kwenye sahani yake.

Alianza kula. Alikula polepole, si kama mtu anayengoja gari. Alikula unga, akala maharage, akala ndagala na mashanza, na mwisho akala hata ganda, akapangusa sahani kwa kidole. Alikunywa maji. Nasi tukangoja. Mimi nilikuwa nasali moja kwa moja, nikimwomba Mungu aifunge midomo ya baba yangu kwa muda mfupi tu, asiulize, leo tu asiulize. Mama alikuwa tayari ameshika mwiko.

Baba hakumwinamia mama. Aliinua kichwa, akaongea kwa sauti kubwa kuelekea ukutani, yeye mwenyewe, bila kunituma.

"Mama," alisema. "Nimekula. Nimeshiba. Aksanti sana."

Mkwe kumwita mama mkwe wake hivyo, kwa mdomo wake! Jirani mwoka mikate, aliyekuwa akisikiliza kutoka kwake kama kawaida yake, aliachia "Yezu!" tukaisikia wote. Kisha sauti ya Koko ikatoka nyuma ya jiko, imekauka, na bado ikishika adabu yake:

"Ambia baba yako, nimesikia."

Nikakimbia kuzunguka ukuta. "Baba, Koko anasema amesikia." Mama akaurudisha mwiko mahali pake, na moto hatukuuwasha tena jioni ile. Mimi nilipiga makofi, nikacheza peke yangu uani hadi nikaanguka. Nilijua kwamba Koko amebaki.

Na kweli alibaki. Tangu hapo kila siku ya soko chakula chetu cha jioni kilikuwa viazi vya tanuru vilivyojazwa, na hakuna aliyetaja bugali. Baba alipogundua kwamba vimepungua kimoja alinuna. Jirani naye alianza kuoka vyake, akawaambia watu wote wa mtaa kuwa ni upishi wa kwao Lubarika, na Koko alimwacha aseme. Hakula ndagala hata siku moja, chake alikijaza maharage tu. Lakini vyetu alivimiminia mashanza kama mtu anayemwagia mboga maji, na kibuyu hakikupanda tena karibu na paa.

Hakusema tena kwamba yeye ni mgeni. Muuzaji alipokuja, Koko aliuliza habari za mvua, za bei, za watoto wa watu. Na usiku, kwenye mkeka wetu, alilala mara tu alipoweka kichwa chini. Nilimwambia, Koko, hujawataja ng'ombe. Akaniambia nilale. Mimi nilifurahi, kwa sababu yale majina yalikuwa yakinichelewesha usingizi.

Alifia kwetu, nikiwa tayari msichana mkubwa. Tulimzika huku huku chini, kwenye joto ambalo alilinung'unikia siku zake zote. Baba naye hayupo sasa, na watu wa Kalundu wanaomkumbuka wanazidi kupungua. Muuzaji wa Rurambo aliacha kushuka, hatukujua kwa nini, tuliona tu siku ya soko imepita bila yeye, na nyingine, na nyingine. Kiwanja cha mwoka mikate kiliuzwa na watoto wake, na mahali palipokuwa na tanuru pamesimama nyumba ya ghorofa yenye vioo vya bluu. Viazi viko sokoni, vimesafishwa, kwenye magunia ya nailoni, na ukimwuliza mwuzaji vimetoka wapi anakutazama kana kwamba umemwuliza jina la babu yake. Najikuta bado nikikinusa kimoja kabla ya kununua. Hakinuki kitu.

Miaka mingi niliisimulia jioni ile kama hadithi ya ushindi. Koko ameishinda bugali! Watoto wangu walicheka vizuri kila mara. Ilinichukua muda, na mazishi kadhaa, kuona kwamba sisi tulikuwa tunashangilia upande mmoja wa sahani. Mtu hachanganyi maziwa na samaki mpaka asiwe na cha kulinda. Koko hakuacha kuwa mgeni kwa sababu baba alishiba. Aliacha kwa sababu mgeni ni mtu mwenye kwao.

Nimemkumbuka wiki hii mpaka kifua kinauma. Na ajabu ni kwamba simtamani kwenye mkeka wetu, wala pale mbele ya tanuru. Ningepewa uwezo, ningemrudishia Gaju, hata yeye peke yake, hata akiwa mzee na mwenye pembe moja. Ningekubali Koko achukue fimbo yake aniache langoni nikilia. Halafu siku moja mimi ndiye ningepanda Rurambo kumtembelea, na ndagala wangu kwenye kikapu, nimkute mlangoni kwake. Angekitazama kikapu, angekunja uso, angenielekeza nikiache mbali, huko nje kabisa, kwa sababu ndani mna maziwa.